Malezi ya Wachunguzi wa Ubongo

Katika mji wa Lucca, ulioko Toscana nchini Italia, mji ambao mpaka leo umezungukwa na kuta zake za kale zenye urefu upatao kilometa nne, imo taasisi ndogo ya elimu ya juu, iliyoanzishwa mwaka 2005, ambayo haipokei wanafunzi wa shahada ya kwanza. Taasisi hiyo yaitwa IMT, na makao yake yamo katika majengo ya zamani ya watawa wa Mtakatifu Fransisko, ambapo vijana wa mataifa mbalimbali huketi sasa mbele ya kompyuta wakisoma picha za ubongo wa binadamu. Mojawapo ya njia za masomo zifuatwazo hapo, kwa ajili ya wale wanaotafuta shahada ya uzamivu, ni sayansi ya neva ya utambuzi, ya ukokotozi na ya jamii. Jina hilo ni refu, na msomaji asiyezoea mambo ya vyuo aweza kudhani kwamba elimu tatu zisizojuana zimefungwa kwa kamba moja pasipo hiari yao. Makala hii yakusudia kueleza ni kwa sababu gani elimu hizo zimekutanishwa, mwanafunzi hupitia mambo gani mpaka astahili kuitwa daktari wa taaluma hiyo, na kwa nini malezi yake, ijapokuwa hutumia mitambo ya gharama kubwa, hasa hasa ni malezi ya kutoamini upesi jambo ambalo jicho limefurahi kuliona.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, walakini hutumia takriban asilimia 20 ya nguvu zote ambazo mwili huzipata katika chakula. Ndani yake, kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2009 na mwanasayansi wa Brazili Suzana Herculano-Houzel pamoja na wenzake, mna seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila moja yaweza kuungana na maelfu ya nyingine. Kiungo cha namna hiyo hakikubali kuelezwa kwa lugha ya taaluma moja. Tabibu hukijua kwa maradhi yake, mhandisi kwa ishara za umeme zipitazo ndani yake, na mwanafalsafa amekijadili tangu zama za Wayunani pasipo kukigusa. Kila mmoja wao ana sehemu ya haki, na hapana mwenye haki nzima. Kwa hiyo wanaoingia katika mafunzo ya jinsi hii hawatoki katika mlango mmoja. Wamo wahitimu wa saikolojia, wa udaktari, wa uhandisi, wa fizikia na wa falsafa, na kazi ya kwanza ya walimu ni kumfundisha kila mmoja ujinga wake uko upande gani.

Tawi la kwanza, la utambuzi, lahusu yale ambayo akili hutenda: kuona, kukumbuka, kusema, kuazimu na kujizuia. Kwa muda mrefu njia ya kuyachunguza ilikuwa ni kumngojea mtu apatwe na msiba, kisha kutazama amepoteza nini. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca, akiwa katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, alimpokea mgonjwa mmoja aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, ‘tan’, ijapokuwa aliyafahamu mengi aliyoambiwa. Mgonjwa huyo alipofariki, Broca aliufungua ubongo wake akakuta uharibifu katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto, na tangu hapo ikawa dhahiri kwamba usemi una mahali pake maalumu. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1953, kijana wa Kimarekani Henry Molaison alipasuliwa kichwa ili apunguziwe kifafa, na katika upasuaji huo zikaondolewa sehemu za ndani za pande zote mbili za ubongo. Kifafa kilipungua, lakini kijana yule hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya. Brenda Milner, mwanasaikolojia kutoka Montreal, alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo. Kila siku Molaison alidhani zoezi hilo hajapata kuliona, na kila siku aliufanya mchoro huo vizuri zaidi kuliko jana. Ikathibitika kwamba kumbukumbu si hazina moja. Mkono waweza kujifunza jambo ambalo mwenye mkono hana habari nalo.

Italia yenyewe ina fungu lake katika historia hii. Angelo Mosso wa Torino, katika miaka ya mwisho ya 1870, alimchunguza mkulima aliyeitwa Bertino, ambaye jeraha la fuvu lilikuwa limeacha mapigo ya ubongo wake yaweze kupimwa kwa nje. Mosso aliona mapigo hayo yakiongezeka pale mkulima alipotakiwa kufanya hesabu ya kuzidisha, na pale kengele za kanisa zilipolia adhuhuri zikamkumbusha sala yake. Hiyo ni fikira kubwa iliyozaliwa kwa chombo kidogo, yaani kwamba kazi ya akili huacha alama yake katika mwendo wa damu, na fikira hiyo ndiyo iliyo chini ya mashine za leo. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, wakifanya kazi Marekani, walionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa nayo hazifanani mbele ya sumaku, na kwa hiyo mashine ya MRI, ipigayo picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, yaweza kuona mahali ambapo damu mpya imekimbilia. Tangu hapo haikuwa lazima tena kungojea msiba. Mtu mwenye afya aweza kulazwa ndani ya mashine, akaonyeshwa picha au akasimuliwa hadithi, na mabadiliko ya damu katika ubongo wake yakaandikwa kila baada ya sekunde moja au mbili.

Lakini kujua mahali si kujua namna. Tukiambiwa kwamba kumbukumbu hufanyika hapa na hofu hufanyika pale, tumepewa ramani ya mji tusiojua biashara yake, na ndipo tawi la pili, la ukokotozi, linapohitajika. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts waliandika kwamba seli ya neva yaweza kuelezwa kwa kanuni za mantiki, kama kitu kinachojumlisha ishara kisha kikaamua kujibu au kunyamaza. Mwaka 1952 Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley, kwa kuutumia uzi mnene wa neva ya ngisi, ambao kwa unene wake wakubali kutiwa nyaya za kupimia, waliandika milinganyo ya hesabu inayobashiri umbo la mshtuko wa umeme unaosafiri katika neva, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Naye David Marr, ambaye kitabu chake juu ya kuona kilitoka mwaka 1982 baada ya yeye kufariki angali kijana, alifundisha kwamba maswali matatu yasichanganywe: ubongo watafuta jawabu la tatizo gani, wafuata hatua zipi za hesabu katika kulitafuta, na hatua hizo zimetimizwa kwa seli zipi. Mafunzo mengi ya leo yamejengwa juu ya mpango huo.

Mfano mmoja watosha kuonyesha faida ya tawi hili. Wolfram Schultz alikuwa akipima seli za ubongo wa nyani zinazotoa kemikali ya dopamini, na aliona ajabu: nyani alipopewa maji matamu ya matunda bila kutazamia, seli zilisisimka, alipokwisha kujua kwamba taa ikiwaka maji yatakuja, seli zilisisimka kwa taa wala hazikujali maji yenyewe, na taa ilipowaka kisha maji yasije, seli zilinyamaza wakati ule ule ambapo maji yalitazamiwa. Mpimaji peke yake angeweza kuyaandika haya yote na asijue maana yake. Mwaka 1997 yeye pamoja na Peter Dayan na Read Montague walionyesha kwamba mwenendo huo walingana na hesabu ambayo wataalamu wa kompyuta walikuwa wameibuni ili kuifundisha mashine: kipimo cha tofauti baina ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kwa maneno mengine, seli zile hazitangazi furaha. Zatangaza kosa katika matarajio, na kwa kosa hilo mnyama hujifunza. Kufika hapo kulihitaji mtu aliyezoea sindano na mtu aliyezoea milinganyo waketi meza moja, na mafunzo ya uzamivu tunayoyazungumza yataka watu hao wawili wakae ndani ya kichwa kimoja.

Tawi la tatu, la jamii, ndilo changa kuliko yote. Binadamu hutumia sehemu kubwa ya akili yake katika kuwawazia binadamu wenzake: fulani ajua nini, ataka nini, anidhania nini. Mwaka 1978 David Premack na Guy Woodruff waliuliza kama sokwe naye ana uwezo huo, na swali hilo likawageukia watoto. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1985 na Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, mtoto alionyeshwa wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi katika kikapu chake na kutoka; Anne anaihamisha na kuitia katika sanduku; Sally anarejea. Ataitafuta wapi? Watoto wengi walijibu kwamba ataitafuta kikapuni, kwa kuwa walijua kwamba imani ya Sally yaweza kuwa ya uongo. Lakini katika watoto 20 wenye usonji, 16 walionyesha mahali gololi ilipo hasa. Miaka michache baadaye, mwaka 1992, wataalamu wa mji wa Parma, miongoni mwao Giacomo Rizzolatti, walitangaza kwamba katika ubongo wa nyani wamekuta seli zinazosisimka mnyama anaposhika kitu na pia anapomwona mwingine akikishika. Juu ya seli hizo, zilizopewa jina la kioo, pamesemwa mengi kupita kiasi, hata wengine wakazifanya kuwa chanzo cha lugha na huruma na ustaarabu wote, na wanavyuoni wengine wakasimama kuyapinga madai hayo kwa hoja nzito. Mwanafunzi wa leo husoma pande zote mbili, na mabishano hayo humfaa kuliko sifa zile.

Sasa tuitazame miaka yake ya masomo. Nchini Italia shahada ya uzamivu iliundwa kwa amri ya serikali ya mwaka 1980, na muda wake haupungui miaka mitatu. Kuingia ni kwa mashindano ya wazi. Anayefaulu aghalabu hupewa posho, nayo huwa ndogo, lakini humwezesha kuishi bila kutafuta kazi nyingine. Mwaka wa kwanza ni wa darasani. Aliyetoka katika saikolojia hukalishwa mbele ya takwimu, aljebra na uandishi wa programu za kompyuta, na wengi hukiri kwamba hapo ndipo walipoonja uchungu wa elimu. Aliyetoka katika uhandisi hufundishwa sehemu za ubongo, maradhi yake, na namna ya kutunga swali ambalo tabia ya mtu yaweza kulijibu. Naye hugundua kwamba mwanadamu ni mgumu kuliko mtambo, kwa sababu huchoka, husinzia, na hukisia kile ambacho mchunguzi angependa kukiona. Wote hufundishwa jinsi mashine zinavyofanya kazi, kwa kuwa asiyeijua mashine hawezi kujua uongo wake.

Baada ya hapo mwanafunzi hujiunga na maabara chini ya msimamizi, na hutunga jaribio lake. Kabla hajampima mtu hata mmoja, hupeleka maelezo ya kazi yake kwenye kamati ya maadili, kwa kufuata misingi iliyowekwa na Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ya kwamba mtu achunguzwe kwa ridhaa yake baada ya kuelezwa kila jambo, na kwamba ana hiari ya kuondoka wakati wowote. Hujifunza kumhoji kila anayeingia katika chumba cha MRI kama ana chuma mwilini, kwa maana sumaku ile, yenye nguvu kupita ya dunia kwa makumi ya maelfu, haizimwi hata usiku, na kipuli au kipande cha chuma kilichosahauliwa chaweza kuleta maafa. Hujifunza kumtuliza mwenye hofu ya mahali pembamba, na kumsihi asitikise kichwa, kwa sababu mtikisiko wa milimita chache waweza kuiharibu kazi ya saa nzima. Pengine jaribio huhitaji kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho Mjerumani Hans Berger alikitangaza mwaka 1929. Hapo mwanafunzi huvisha vichwa vya watu kofia yenye vidude vingi vya kupokea ishara, akisugua ngozi na kutia mafuta maalumu mpaka ishara itulie. Chombo hicho hakijui vizuri mahali, lakini kwa wakati hakina mpinzani, na kwa hiyo vipimo viwili hivyo husaidiana.

Kisha huja kazi isiyoonekana na macho ya wageni, nayo ndiyo inayokula miaka. Takwimu za mtu mmoja zaweza kujaza mamilioni ya tarakimu, na mwanafunzi huziandikia programu za kuzisafisha na kuzipima. Aliyelelewa vizuri hatazianza takwimu za kweli mpaka ametunga kwanza takwimu za bandia ambazo jawabu lake alijua mwenyewe, akazipitisha katika programu zake aone kama jawabu lile litatoka. Lisipotoka, kosa ni lake, wala hapana binadamu aliyesumbuliwa bure. Kadhalika siku hizi wengi huandika dhana yao na mpango wao wa hesabu mapema, wakaviweka mahali pa hadhara, ili wasije wakabadili swali baada ya kuliona jawabu. Mwishoni hutungwa tasnifu; kwa kanuni za Italia hupelekwa kwanza kwa wataalamu wasiopungua wawili wa nje ya chuo, ambao waweza kuirudisha ikasahihishwe, na ndipo mtahiniwa husimama mbele ya baraza kuitetea.

Tazama sasa natija mbili za Lucca kwenyewe, maana ndani yake matawi matatu yaonekana yakifanya kazi pamoja. Mwaka 2023 wachunguzi wa hapo walichapisha jaribio ambalo filamu ya ‘101 Dalmatians’ ilitumiwa kwa watu wenye kuona na kusikia, kwa watu waliozaliwa vipofu walioisikiliza tu, na kwa watu waliozaliwa viziwi walioitazama tu. Kwa hesabu walitafuta mahali ambapo bongo za watu hao zilipanda na kushuka pamoja kwa kuifuata hadithi, wakapakuta katika gome la juu la upande wa masikio, hata baina ya kipofu na kiziwi, ambao hawakuwa wameshiriki mlango mmoja wa fahamu tangu kuzaliwa. Yaonekana basi kwamba sehemu hiyo ina mpangilio wake wa asili, wala haikungoja kufundishwa na macho na masikio kwa pamoja. Na mwaka 2024 wengine wa huko huko, wataalamu wa ubongo pamoja na wa uchumi, waliwapa watu kazi za kompyuta za dakika 45 zenye kuwalazimisha baadhi yao kujizuia nafsi, kisha wakawachezesha michezo ya kugawana faida, ambamo mtu huchagua amani au ushari. Katika ubongo wa waliochoshwa yalionekana, sehemu ya mbele, mawimbi ya polepole yanayofanana na ya usingizi, ilhali wenyewe wako macho. Na kiwango cha ushirikiano, ambacho kilikuwa asilimia 86 kwa wasiochoshwa, kilishuka mpaka asilimia 41. Wazee wetu walikuwa wakimshauri mtu asiamue jambo zito akiwa amechoka. Hapa shauri hilo limepewa kipimo.

Baada ya kusifu ni insafu kueleza aibu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake huko Marekani walimtia samaki mfu, aina ya samoni, ndani ya mashine ya MRI, wakamwonyesha picha za watu wakiwa katika hali mbalimbali za kijamii, na kwa utaratibu wote wa kawaida wakamtaka aeleze watu hao wana hisia gani. Programu ikaonyesha vijisehemu vya ubongo wa maiti huyo ‘vikifikiri’. Haikuwa mzaha mtupu. Picha moja ya ubongo hugawanywa katika makumi ya maelfu ya vipande, na mtu akipima kila kipande pasipo kuongeza ukali wa mizani yake, baadhi ya vipande vitapita kwa bahati nasibu, na mchunguzi mwenye haraka atavitungia kisa. Mwaka 2013 Katherine Button na wenzake waliikadiria nguvu ya tafiti nyingi za sayansi ya neva, wakakuta kwamba uwezo wake wa kati wa kugundua athari iliyopo kweli ulikuwa kama asilimia 21 tu, kwa sababu waliopimwa walikuwa wachache mno. Na mwaka 2015 tafiti 100 za saikolojia ziliporudiwa na mikono mingine, matokeo yaliyothibitika yalikuwa asilimia 36, ijapokuwa karibu zote zilikuwa zimetangazwa kuwa zimefaulu hapo kwanza.

Haya ndiyo yaliyobadilisha malezi ya wanafunzi. Zamani sifa ya kijana ilikuwa kupata picha nzuri na kuichapisha mapema. Sasa huulizwa kama picha hiyo itatokea tena ikipigwa na hasidi wake. Hukumbushwa kwamba mashine haioni fikira, yaona damu, nayo hukawia sekunde tano au sita nyuma ya seli. Kwamba kipande kidogo kabisa cha picha kina malaki ya seli ndani yake. Na kwamba sehemu moja ya ubongo hushiriki kazi nyingi, hata asiweze mtu kusema, kwa kuwa sehemu fulani imewaka, basi mwenyewe alikuwa na hofu au mapenzi. Hapa matawi yale matatu huhukumiana. Ukokotozi huuliza utambuzi: tabia hii yako yabashiriwa na kanuni gani? Utambuzi huuliza ukokotozi: kanuni yako nzuri, binadamu wa kweli huifuata? Na elimu ya jamii huwauliza wote wawili: binadamu mliyempima mmemtoa wapi?

Swali hilo la mwisho latuhusu sisi kwa ukaribu. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alionyesha kwamba, katika majarida makuu ya saikolojia ya Marekani, asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo watu wake ni asilimia 12 tu ya walimwengu. Na mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walitoa hoja kwamba watu hao, pamoja na kuwa wachache, katika mambo mengi ya kuona, ya kuamua na ya kugawana hawafanani na walio wengi. Vitabu vingi vinavyosema ‘binadamu’ vimekusudia, pasipo kujua, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepata alama kwa kukubali kupimwa.

Katika Afrika mlango umeanza kufunguliwa. Tangu mwaka 2017 pamekuwako huko Cape Town shule fupi ya sayansi ya neva ya ukokotozi iitwayo Imbizo, inayowakusanya vijana wa bara hili na wa mabara mengine. Katika Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, mwaka 2022 ilijengwa mashine ya MRI ya sumaku dhaifu, kwa ushirikiano wa wenyeji na wataalamu wa Uholanzi na Marekani, kwa ajili hasa ya watoto wenye maji kichwani. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na mashine kubwa, na picha zake, ijapokuwa si kali kama za zile, zinatafutiwa nguvu kwa hesabu za kompyuta, ambazo ndizo kazi ya wale waliosomea ukokotozi.

Kijana anayetamani njia hii na ajue mambo mawili. Kwanza, asiikimbie hisabati. Saikolojia yaweza kusomwa baadaye kwa vitabu na ustahamilivu, bali ni wachache waliojifunza aljebra na uandishi wa programu kwa raha baada ya miaka ishirini na tano. Pili, asidhani kwamba mwisho wake ni uprofesa, kwa maana nafasi hizo ni chache kila mahali. Demis Hassabis alipata shahada yake ya uzamivu London mwaka 2009 kwa kuchunguza namna kumbukumbu inavyosaidia kuwazia mambo yasiyotokea bado. Akarudi kwenye kompyuta, na mwaka 2024 akashiriki Tuzo ya Nobel ya kemia kwa programu inayobashiri maumbo ya protini. Mwaka huo huo tuzo ya fizikia ilimwendea, pamoja na mwenzake, Geoffrey Hinton, ambaye mwaka 1998 alikuwa ameanzisha katika mji huo huo wa London kituo cha Gatsby cha sayansi ya neva ya ukokotozi. Wengine wasiojulikana huingia hospitalini, katika viwanda vya dawa, katika afisi za takwimu.

Na kwa mzee atakayeuliza kwamba daktari asiyetibu atatufaa nini, jawabu liko Kilifi, katika pwani ya Kenya, ambako kituo cha utafiti wa tiba kilianzishwa mwaka 1989. Watabibu wa hapo waliwaokoa watoto wengi wenye malaria iliyopanda kichwani, na kwa muda ilidhaniwa kwamba mtoto akishainuka kitandani amepona. Ilihitaji wachunguzi wa utambuzi wawafuate watoto hao majumbani mwao, kwa vipimo vya kumbukumbu, vya lugha na vya umakini vilivyotungwa upya vikapatana na maisha ya watoto wa huko, ndipo ikajulikana kwamba takriban mmoja katika kila wanne alikuwa amebakiwa na upungufu fulani. Mwalimu aliyemwita mtoto wa namna hiyo mvivu alikuwa hana njia ya kujua. Vipimo vilivyoletwa kutoka Ulaya kama vilivyo visingemwambia kweli, kwa sababu vingemhesabia mtoto mzima kuwa mpungufu kwa kutojua picha asizopata kuziona. Kazi hiyo ya kutunga kipimo, kukijaribu, kukitilia shaka na kukitunga tena, haina fahari ya picha zenye rangi, na ndiyo ambayo miaka yote ile ya uzamivu humwandaa mtu aifanye.